Neno "Mng'ao" na Metali Zitoazo Nuru Ndani ya Seli Hai

Waandishi wa habari za sayansi, wakieleza metali zitiwazo ndani ya seli hai ili kuonyesha yaliyomo, huandika kwamba metali hizo "zinawaka". Neno hilo halifai. Kiwakacho huungua na kutoa joto. Hapa metali hupokea nuru ya namna moja na kutoa ya namna nyingine, bila ya kuungua. "Kuakisi" nako hakufai, maana kioo hurudisha nuru ile ile iliyokipiga. Kimulimuli hung'aa wala haungui. Basi twapendekeza "kung'aa", na jina lake "mng'ao".

Jambo hili si la msamiati tu. Seli nayo ina mng'ao wake, ambao hufa katika sehemu chache za bilioni za sekunde. Metali za jamii ya lanthanidi, kama yuropiamu na terbiamu, huweza kung'aa kwa muda ukaribiao sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtazamaji huimulika seli, hungoja mng'ao wake ufe, ndipo afungue jicho la chombo. Kilichosalia ni nuru ya metali. Kwa hiyo yatubidi kutofautisha mng'ao wa papo na mng'ao wa kukawia.

Lakini metali hizo ni nzito kupokea nuru. Mwundaji huzifunga katika molekuli iliyo kama kizimba, akaiunganisha na sehemu inasayo nuru na kuipitisha kwa metali. (Sehemu hiyo huitwa antena; neno limekwisha kuzoeleka katika redio, nami sioni sababu ya kulikataa.) Kizimba kikiwa na mwanya, maji huigusa metali na kuufifisha mng'ao, tena metali yaweza kuponyoka na kuidhuru seli.

Kanuni iliyo jirani na hiyo imekwisha kufika Ziwa Victoria. Katika utafiti wa kichocho mkoani Mwanza kimetumika kipimo kilichoundwa Leiden, Uholanzi, kitafutacho katika damu au mkojo kitu kitolewacho na minyoo iliyo hai. Chembechembe zake, zenye iterbiamu na erbiamu, hupokea miale ya infraredi isiyoonekana, nazo hutoa nuru ya kijani. Damu haina tabia hiyo, kwa hiyo haileti nuru ya kuchanganya, na hata minyoo michache, ambayo hadubini huenda ikakosa mayai yake katika choo, hugunduliwa. Kazi hiyo hufanyika juu ya utepe, nje ya mwili. Mvuvi wa Ukerewe akiambiwa kwamba damu yake "iliwaka", ana haki ya kuuliza ni nini kilichoungua.