Kioo cha Gari Kinapogoma

Magari mengi yapitayo Kariakoo yalitumika kwanza Japani kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kwa hiyo si ajabu kioo cha umeme, baada ya miaka ya joto, vumbi na chumvi ya pwani, siku moja kugoma. Nacho kikigoma kimeshuka, katika foleni ya Mtaa wa Msimbazi wakati wa adhuhuri, dereva hana amani na mkoba ulio kitini, wala hana kinga mvua ya masika ikimjia. Hofu hiyo humfanya akubali hima neno la kwanza aambiwalo, ambalo aghalabu ni hili: "Mota imekufa, kanunue nyingine kwa wauza spea wa Shauri Moyo."

Huenda ikawa kweli, lakini neno hilo halistahili kusadikiwa kabla ya uchunguzi. Zima redio, geuza ufunguo pasipo kuwasha injini, bonyeza kitufe, usikilize: ikiwa mota yavuma na kioo hakitikisiki, umeme wafika, na maradhi yamo katika mashine ya kioo, ambayo waya wake wa chuma umekatika au meno yake yamelika; ikiwa kimya, na vioo vyote vimegoma pamoja, basi fyuzi au rilei hushukiwa kabla ya mota, na vikigoma vya abiria peke yake, hushukiwa kile kitufe cha dereva cha kufungia vioo. Kioo cha abiria kinachokataa amri ya dereva na kutii kitufe cha mlango wake chaelekeza kidole kwenye swichi ya dereva au nyaya zake.

Nyaya hizo ndizo ninazozihurumia, kwa kuwa fundi mwenye haraka huzipita. Baina ya mlango na bodi umo mpira mweusi uliokunjamana, na kila mlango ufunguliwapo nyaya zilizomo hupinda; uvute mpira huo taratibu, na katika teksi iliyofanya kazi miaka mingi waweza kuona ganda limepasuka, shaba imegeuka kijani, na uzi mmoja tu umeshikilia. Kuunga waya ule vema, kwa risasi na si kwa kuusokota, hakuhitaji mota mpya.

Mwisho hufunguliwa jalada la mlango, kwa hadhari ya kukishikiza kioo kwanza kisije kikaanguka na kukata vidole, na taa ya majaribio ya volti 12 huunganishwa kwenye nyaya mbili ziingiazo katika mota. Taa ikiwaka kwa kupandisha na kwa kushusha, ilhali mota imenyamaza, hapo ndipo yafaa kuhukumiwa kuwa imekufa.

Ukienda Shauri Moyo, chukua spea ya zamani mkononi ulinganishe upande na plagi, na umwombe muuzaji aijaribu kwa betri. Kabla ya hapo, mwambie fundi wako akuwashie taa ile ukishuhudia, ndipo utoe fedha.