Riwaya pendwa si porojo

Wapo wanaoipuuza riwaya pendwa, eti ni porojo za kupitishia wakati. Hebu msomaji, itafute Roseanna (1965) ya Maj Sjöwall na Per Wahlöö, wapenzi wa Uswidi walioandika riwaya kumi za mpelelezi Martin Beck wakipokezana sura. Maiti ya mwanamke inaopolewa mferejini. Beck anahangaika majuma mengi kabla hata ya kulijua jina lake. Taharuki hapa haizaliwi na risasi bali na subira: simu, barua, mafua ya mpelelezi mwenyewe. Kufikia riwaya ya mwisho (1975), anayeshtakiwa si muuaji peke yake, ni serikali inayojigamba kumtunza kila raia. Hayo si ndiyo maudhui tunayoyasaka kwenye vitabu teule? Zisome kwa mfuatano lakini, maana ndoa ya Beck huvunjika polepole.