Zambia, nchi ya kapenta

Kwa mtu wa Tunduma, Zambia haiko ng'ambo. Iko mtaa wa pili. Wanyamwanga wamekaa pande zote mbili tangu kabla mpaka haujachorwa, kwacha na shilingi zinabadilishana mikono mchana kutwa, na malori yanapanga foleni kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Lakini jirani wa ukuta mmoja ndiye unayeweza kukaa naye miaka usijue anakula nini. Wengi wetu tunaishia sokoni Nakonde, upande wa pili wa mpaka, tunageuza. Leo tuipite Nakonde, tumfuate samaki mmoja mdogo mpaka anakotoka, kwa sababu ukimjua huyo utakuwa umeijua nusu ya nchi.

Wenyewe humwita kapenta. Sokoni amerundikwa vichuguu vya rangi ya fedha, mkavu, macho yamemtoka. Mama muuzaji anajaza kopo mpaka linafanya kilima, analimimina kwenye mfuko wako, kisha anachota kwa vidole na kuongeza kidogo. Nyongeza hiyo inaitwa mbasela, na mteja asiyepewa hujiona ametukanwa. Nyumbani kapenta hukaangwa kwa nyanya na kitunguu, akaliwa na nshima, ambayo sisi tunaiita ugali na Wabemba wanaiita ubwali. Mtu wa Kigoma akionja atacheka: ni dagaa wake. Ni kweli. Ni samaki wa ukoo mmoja na heringi na sadini wa baharini, ila huyu yuko Ziwa Tanganyika tangu enzi na enzi na amezoea maji yasiyo na chumvi.

Zambia ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 750,000, imezungukwa na nchi nane na haina hata shubiri moja ya pwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 19. Samaki wao wanatoka mitoni na maziwani: Bangweulu, Mweru, Mto Kafue, Kariba, na ile ncha ya kusini ya Tanganyika. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wanapozaliana, sehemu kubwa ya maji hayo hufungwa kila mwaka. Kariba na Tanganyika, maziwa ya kapenta, kwa miaka mingi yameachwa nje ya katazo hilo.

Ukitoka Nakonde kuelekea magharibi unafika Mbala, mji ulio juu kwenye baridi, ambao wakoloni waliuita Abercorn. Hapo barabara inaanza kuteremka, na kwa mwendo wa kilomita 40 hivi unashuka karibu mita 900. Sweta unalivua njiani. Chini kuna Mpulungu, bandari pekee ya Zambia ya kupokea meli kutoka nchi nyingine za ziwa. Ndipo MV Liemba yetu ilipokuwa ikimalizia safari zake kutoka Kigoma.

Zambia ina kipande kidogo tu cha ziwa hili, chini ya sehemu moja ya kumi, lakini ni kipande chenye neema. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huku kusini maji baridi ya vilindini hupanda kujaza nafasi, yakibeba rutuba. Vijimea vinaota, vijidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vijidudu, na migebuka wanakula dagaa. Mnyororo huo unategemea upepo na baridi. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba ziwa likipata joto maji hayachanganyiki vizuri tena na chakula cha samaki kinapungua. Kwa hiyo hata asiyevua kupita kiasi anavua kwenye chungu kinachopungua.

Chungu hicho kinachotwa na mikono miwili. Wa kwanza ni wa kampuni: tangu mwaka 1962 kampuni za Mpulungu zimekuwa zikitoka na meli zenye nyavu za kuzungusha na mashua za taa, zikivua mbali na ufuko na kusafirisha samaki hadi miji ya migodi. Mkono wa pili ni wa kijijini: mtumbwi, taa, wavu wa kuinua, au kokoro linalokokotwa ufukweni na familia nzima, au, mambo yakiwa magumu, chandarua kilichotolewa kwa ajili ya mbu. Ni rahisi kusema mkubwa ndiye mwizi na mdogo anatafuta mboga tu. Samaki mwenyewe anakataa hesabu hiyo. Lumbu, moja ya aina mbili za dagaa wa ziwa hili, hukulia kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko kabla ya kwenda mbali. Kokoro na chandarua vinamkuta mtoto. Wavu wa kampuni unamkuta mzazi. Wanavua samaki yuleyule, kila mmoja kwa umri wake.

Sasa tuvuke nchi nzima hadi mpaka wa Zimbabwe. Bwawa la Kariba lilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Watonga zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili waling'olewa kwenye bonde la Zambezi. Samaki wa mto walikaa kandokando. Katikati, kwenye maji wazi, hapakuwa na wa kula vijidudu. Mwaka 1967 na 1968 lumbu wadogo kutoka Tanganyika walipandishwa ndege na kumwagwa Kariba. Wakaenea, wakapenya hata mitambo ya umeme, wakateremka mto na leo wanavuliwa Cahora Bassa, Msumbiji.

Wavuvi wa kapenta wa Kariba husimama kwenye rigi, jukwaa linaloelea lenye taa na wavu wa mviringo unaoshushwa kwa winchi. Hapo paliwekwa kanuni mbili. Ya kwanza: rigi zisivue penye kina kisichofika mita 20, ili maji ya kando yabaki kwa mwenye mtumbwi na kwa samaki wachanga. Ya pili: ziwa zima libebe rigi 500, zigawanywe kati ya Zambia na Zimbabwe. Ile ya pili imevunjika. Rigi zimeripotiwa kupita 1,000. Kila leseni ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana sababu.

Kuna kanuni ya tatu ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Kapenta hufuata taa, na taa hushinda penye giza tu. Mwezi ukiwa mpevu samaki hutawanyika, na siku hizo kadhaa rigi za Kariba hufungwa, mitumbwi ya Tanganyika huanikwa. Kanuni hii inaheshimiwa bila askari. Kila mtu anaiona akitazama juu, inamgharimu mwenye meli kama inavyomgharimu mwenye mtumbwi, na ni fupi kiasi kwamba maskini anaweza kuivumilia.

Kanuni zilizotungwa na watu mtu anaweza kuzipima kwa kipimo hicho. Hifadhi ya Nsumbu, iliyotangazwa mwaka 1972, inalinda ufuko wake na ukanda wa maji wa takriban maili moja: mpaka unaouona, na usiobagua. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2011 iliunda kamati ambamo wavuvi wa vijijini, mwakilishi wa chifu na mwakilishi wa kampuni hukaa meza moja. Angalau gharama hupangwa mbele ya watakaozilipa. Kufunga ziwa ni kugumu zaidi. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, katika mpango wa pamoja wa nchi nne za Tanganyika. Dagaa wanahitaji mapumziko hayo. Lakini miezi 3 si siku za mwezi mpevu: mwenye kampuni ana akiba benki, na mwenye kokoro ana usiku wa leo tu. Asipopewa cha kushika katika miezi hiyo, atarudi ufukweni gizani, palepale wanapokulia watoto wa lumbu.

Na gharama haiishii ufukweni. Inapanda mlima wa Mbala, inapita Nakonde, inafika kwenye kopo. Samaki wakiadimika, mama muuzaji hapandishi bei siku hiyohiyo, maana wateja wake anawajua. Kopo linajazwa lakini kilima hakipo, na vidole havirudi kuchota. Mbasela ndiyo hutangulia kupotea.