Je, Wajua? Nati ya Sampu Haitaki Misuli

Kwanza, jina lake si sahihi. Hiyo tunayoiita nati ya sampu ni bolti, na kila fundi anajua hivyo, lakini nenda dukani uombe bolti ya sampu uone utakavyotazamwa. Basi na tuiite nati. Ni kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, kimekaa kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini, na kazi yake ni kutulia pale kwa maelfu ya kilomita, kisha kufunguliwa ili oili iliyochoka imwagwe. Sijui kifaa kingine cha gari kinachoteswa kwa nia njema kama hiki.

Kwenye Toyota nyingi za mitaani kwetu, nati hiyo ina unene wa milimita 12, hufunguliwa kwa spana namba 14, na hesi zake, au meno kama wasemavyo mafundi, zimepishana kwa milimita 1.25. Yaani ukiizungusha duara moja kamili, inaingia ndani milimita moja na robo tu. Sasa shika spana ya sentimita 20 uizungushe duara hilohilo: mkono wako umesafiri kiasi cha sentimita 125. Umesafiri mara elfu moja zaidi ya nati, na kwa hiyo nguvu yako nayo ingepaswa kuzidishwa mara elfu. Msuguano ndio unaotuokoa. Karibu nusu ya nguvu hupotea chini ya kichwa cha nati, sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea kwenye meno, na kama sehemu moja kwa kumi ndiyo inayofika kwenye kubana kwenyewe.

Hata hiyo moja kwa kumi si haba. Kiwanda huagiza nati hii ikazwe kwa takriban nyutonimita 40, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 20 mwishoni mwa spana yako ile. Matokeo yake ni mbano wa kati ya tani moja na nusu na tani mbili. Kwa mkono mmoja, bila jasho. Fundi anayechomeka bomba kwenye spana ili aikaze vizuri, akapata urefu wa sentimita 60, anaibana kwa zaidi ya tani nne bila hata kukunja uso. Nati ni ya chuma, inavumilia. Sampu ya alumini haivumilii.

Tena mzigo huo haugawanywi kwa haki. Jino la kwanza, lile lililo karibu na kichwa, hubeba karibu theluthi nzima. La pili hubeba pungufu, la tatu pungufu zaidi, na ya mwishoni yapo yapo tu kama wageni waalikwa. Likikatika la kwanza, mzigo unamwangukia wa pili, naye hakuandaliwa. Ndiyo maana nati haianzi kulegea pole pole ukapata muda wa kujirudi. Unahisi ikikaza, ikikaza, halafu ghafla inakuwa laini kama kisu kwenye papai. Hapo yameshaliwa.

Na yote hayo ya nini? Ati oili isivuje! Hapa ndipo ninapokereka. Meno hayazibi oili. Kati ya meno ya nati na ya sampu daima kuna upenyo mwembamba unaozunguka kama ngazi ya mnara, na oili ya moto huipanda au kuishuka ngazi hiyo bila haraka. Kinachoziba ni washa, kile kiduara cha alumini, shaba au karatasi ngumu kilichokaa chini ya kichwa. Kimefanywa laini makusudi ili kikibanwa kijaze mikwaruzo yote. Kikishabanwa mara moja kinabaki na sura ileile na ugumu wake, na safari ya pili hakizibi vizuri. Nati ikitoa machozi, dawa ni washa mpya, kitu cha bei isiyotosha kugombana na mtu. Ya shaba unaweza hata kuifufua: ipashe moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, itakuwa laini tena. Lakini sisi tunaitafuta spana ndefu.

Chanzo cha pili cha maafa ni kopo. Kila gereji ina kopo la maziwa lililojaa nati za kila ukoo. Nati ya sampu ya Toyota ni ya milimita 12 na hatua, yaani nafasi kati ya jino na jino, ya 1.25; skrubu za magurudumu ya gari hilohilo ni milimita 12 pia, ila hatua yake ni 1.5. Meno yake kwa macho ni vigumu kuyatofautisha. Ukiichomeka ya 1.5 kwenye tundu la 1.25 itaingia duara moja, labda mbili, kisha itagoma, kwa kuwa kila duara inapotea robo milimita. Mwenye busara angesimama hapo. Gari langu la zamani lilifanyiwa hivyo uchochoroni, na fundi akanyanyuka akifuta mikono: "Bosi, hiyo haitoki tena." Alisema kweli. Miezi mitatu baadaye ilipolazimishwa kutoka, ilitoka na meno ya sampu yamejiviringisha juu yake kama springi ya kalamu.

Tiba zipo, na si zote za heshima. Tepu nyeupe ya mafundi bomba na silikoni ni kujidanganya. Nati nene kidogo inayojichongea meno yake hukufikisha nyumbani, ila inakula alumini ileile kidogo iliyosalia. Tiba ninayoipenda ni kutanua tundu, kulichonga upya kwa tapu, na kuingiza bushi ya chuma yenye meno ndani na nje. Ipo pia ile iitwayo Heli-Coil, waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kama springi, mpana kidogo kuliko tundu lenyewe, hivyo ukishaingia unajitanua na kung'ang'ania. Mara nyingi tundu hutoka na nguvu kuliko lilivyozaliwa. Sampu ivuliwe kwanza. Asiyeweza kuivua aipake tapu grisi ishike vumbi la chuma, maana chembe ikibaki ndani inaweza kufika kwenye bearingi. Mafundi wa kuchonga vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, hii kwao ni kazi ndogo. Wenye pikipiki wana shida zaidi: tundu lao liko kwenye mwili wa injini, hakuna sampu ya kuvua, na dereva wa bodaboda humwaga oili mara nyingi kuliko mwenye gari.

Kuimwaga kwa usafi ni suala la subira. Injini iwe na joto la kuvumilika, mfuniko wa juu ufunguliwe. Duara za mwisho zungusha kwa vidole huku ukiisukuma nati ndani, kisha iondoe kwa mara moja. Oili huruka mbele kwanza, halafu kadiri inavyopungua hurudi nyuma, kwa hiyo beseni lihame nayo. Wakati wa kurudisha, izungushe kwanza kinyume mpaka usikie tik, meno yamekutana, ndipo uifunge kwa vidole, na spana mwishoni kabisa.

Kisha ile oili nyeusi tunaipeleka wapi? Mtaroni, nyuma ya ukuta, kwenye udongo ambao hauoti tena hata majani. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inasema oili ya umwagaji mmoja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Mkataba wa Basel wa 1989 unaihesabu kuwa taka hatarishi. Imebeba masizi na chembe za chuma, na kuigusa kila siku bila glavu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Dumu lenye mfuniko linatosha, na wanunuzi wake wapo.

Maana kazi zake nazo zipo: kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, kupaka fomu za zege, kulainisha minyororo, kuwasha matanuru, kuchujwa upya ikawa oili tena, kutuliza vumbi, kuzuia kutu, na kwa yule fundi wangu wa uchochoroni, kuwashia jiko la mkaa siku za mvua. Chai yake niliinywa mara mbili kabla sijajua.