Kikapu cha Februari

Mwezi wa Mei hakuna mtu Kitengela mwenye shida ya mboga. Masika yakishakolea, ploti za hamsini kwa mia ambazo wenyewe hawajajenga hujaa mchicha uliojiotea, nyuma ya nyumba za kupanga kuna mashina matano sita ya sukuma wiki, na sokoni Noonkopir akina mama hukuongezea fungu bila kuombwa. Rudi Februari. Ardhi imepasuka, vumbi limetanda hadi kwenye mabati, malori ya maji yanapishana kuelekea Yukos na Milimani, na fungu lililokuwa likijaza sufuria limekuwa la kuhesabu majani.

Mkulima mdogo wa hapa anayefuata bei ya soko huumia misimu yote miwili. Akiwa na mboga, kila mtu anazo. Bei ikipanda, yeye hana cha kuuza, na faida huwaendea wanaoleta mzigo kutoka mbali: nyanya za Loitoktok na Kirinyaga, kabeji za Kinangop.

Dawa ya jambo hili, kwa maoni yangu, ni kilimo cha kikapu. Familia kadhaa hukubaliana na shamba moja lililo karibu nazo, zikalipa mapema kabla mbegu haijaingia ardhini, kisha kila wiki zikapokea sehemu yao ya kilichovunwa, kiwe kingi au kichache. Pesa ni ileile Mei na Februari. Kinachobadilika ni kilichomo ndani ya kikapu. Na katika mji ambao mlaji huwa na shaka kama mboga alizonunua zilinyweshwa majitaka, kulijua tangi lililozinywesha ni jambo kubwa.

Japani mtindo huu ulishika mizizi miaka ya 1970, akina mama wa mijini walipoingiwa na hofu ya dawa za mashambani wakaamua kufanya mapatano na wakulima moja kwa moja. Marekani, Booker T. Whatley wa Tuskegee, Alabama, aliwahimiza wakulima Weusi wenye mashamba madogo wawe na wateja wanachama wanaolipa kabla ya kuvuna. Mwaka 1986 mashamba mawili, Indian Line la Massachusetts na Temple-Wilton la New Hampshire, yakaanza kugawa mavuno kwa wanachama. Hapa kwetu, Mlango Farm ya Ngecha, Limuru, imejulikana kwa kuwapelekea watu wa Nairobi vikapu vya mboga.

Lakini Limuru kuna ukungu na manyunyu. Kikapu kina kazi nzito zaidi Noonkopir, ambako msimu ukikosa umekosa kweli. Kati ya Oktoba 2020 na Desemba 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa nyanda za Kajiado. Mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño, na Aprili 2024 Mto Athi ukafurika, watu wakahama nyumba zao. Hakuna mkulima wa robo ekari awezaye kubeba yote hayo peke yake. Kumwachia ayabebe, kisha sisi tukae mezani tukilalamika kuwa mboga ni ghali, si haki.

Wenyeji wa nyanda hizi walilijua hilo kabla mji haujaota. Miongoni mwa Wamaasai kuna osotua, ahadi kati ya mtu na mwenzake kwamba ukame ukimmaliza mmoja mifugo, ataomba na atapewa kwa kadiri ya haja yake, pasipo hesabu ya deni. Na mwaka 2000, wahifadhi walipotaka mapito ya nyumbu na pundamilia kusini mwa Mbuga ya Nairobi yasizibwe, walianza kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze wala wasizungushie seng'enge. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakafuata kufunguliwa kwa shule. Hilo la mihula ndilo linalonigusa. Aliyeupanga mpango ule alijua ni mwezi gani mfuko wa mfugaji huwa mtupu.

Kikapu nacho kipangwe kwa jicho hilohilo. Mkulima anahitaji pesa Februari, anunue mbegu na kurekebisha matuta kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Mwanachama wa mshahara naye Januari ameelemewa na karo, hivyo usimdai wakati huo. Chama chochote cha akina mama wa mtaani kingeisuka ratiba hiyo kwa kikao kimoja. Kuchanga kabla ya kupokea ni kazi waliyoizoea miaka yote.

Sasa udongo, maana hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Noonkopir ni udongo mweusi, ule ambao kila anayejenga hulazimika kuuchimba na kuuondoa, akajaza maram kabla ya kumwaga msingi. Ukinyeshewa huvimba na kunata hadi viatu vinakushinda uzito. Ukikauka hujivuta na kuacha nyufa unazoweza kutia mkono mzima. Jembe lina siku chache tu za kufanya kazi: ukiwahi, udongo ni jiwe, ukichelewa, ni gundi. Wanaoujua huchukua konzi moja na kuifinya. Ikivunjika vipande bila kung'ang'ania vidole, siku imefika, na siku hiyo hakuna cha harusi wala cha mkutano, ni kulima.

Karoti katika udongo huu hupinda na kugawanyika, na nyanya huoza mizizi maji yakituama. Lakini rutuba ipo, na maji yakishaingia chini hukaa, mradi udongo upewe samadi. Samadi Kajiado haijawahi kukosa. Maboma ya kuelekea Kisaju na Isinya yana marundo yaliyolala kwa miaka. Irundikwe shambani miezi mitatu hivi, ilowanishwe na kugeuzwa, iive. Ikitoka bomani moja kwa moja hadi kwenye tuta huleta magugu na chumvi. Masika mboga zikae juu ya matuta yaliyoinuliwa, maji yapite. Kiangazi zishuke ndani ya vijitaro, maji yasipotee. Ni kazi ya kugeuza sura ya shamba mara mbili kila mwaka, na ndiyo inayokula mishahara ya vibarua kuliko palizi.

Kisha maji. Bomba la Nolturesh, linaloteremsha maji ya Kilimanjaro kutoka upande wa Loitoktok, lina midomo mingi njiani, na Kitengela yenyewe imefura: sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000, ile ya 2019 zaidi ya 154,000. Wengi tunategemea visima vya kuchimbwa, na maji ya vingi vyavyo yana chumvi na floridi. Maji ya chumvi huchagua mboga. Maharagwe, vitunguu na karoti huungua ncha za majani na kudumaa, spinachi na bitiruti huvumilia, sukuma iko katikati.

Mita moja mraba ya mboga, siku ya jua kali, hunywa karibu lita 5. Bustani ya mita 100 mraba basi inataka lita 500 kwa siku, na kwa Januari na Februari pamoja karibu lita 30,000. Paa la mabati la mita 150 mraba, vuli ikileta milimita 200, hupokea kiasi hichohicho. Kitakachopotea kwenye mifereji kitafidiwa na nyasi kavu zilizotandazwa juu ya udongo na mipira ya kudondosha matone kwenye mashina. Mita 100 mraba ni kidogo, ni kweli. Ndiyo sababu nasema kikundi kinachoanza kitangulize matangi kabla ya kukodi ekari, na idadi ya wanachama ipimwe kwa lita za kiangazi. Wengi hufanya kinyume: huona shamba lilivyonenepa Mei, wakasajili familia hamsini, na Septemba inawaumbua.

Kikapu cha Mei hujaa hadi kumwagika: sukuma, spinachi, managu, terere, kunde changa, dania. Terere na kunde huchumwa wiki ya tatu au ya nne tangu kupandwa, kwa hivyo ndizo hutangulia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amefanya kazi ya miaka mingi kuzirudishia heshima mboga hizi za kienyeji, na shamba la mvua haba linamhitaji mtu kama yeye. Juni na Julai mawingu hayafunguki. Mboga hukua polepole lakini hazina kiu. Agosti zipo mbaazi mbichi za miti iliyopandwa vuli iliyopita. Februari kikapu ni chepesi: mkono wa spinachi, malenge yaliyovunwa Januari yakawekwa kivulini, na kunde zilizochemshwa na kuanikwa wakati wa neema.

Hapo ndipo uanachama hupimwa. Mtu aliyezoea kujichagulia sokoni akipewa malenge wiki ya tatu mfululizo huanza kukawia kulipa, kisha hanyamazi kwenye kikundi cha WhatsApp. Sijaona dawa ya hilo isipokuwa miguu. Wanachama wafike shambani, hasa wakati wa ukame, wagonge tangi wasikie maji yamefika wapi. Mama wa nyumba aliyesimama pale hataulizia nyanya.

Na mama mboga tusimsahau. Leo yeye ndiye anayebeba hatari yetu: huamka usiku kufuata mzigo, hukopesha mtaa mzima hadi mwisho wa mwezi, na kinachonyauka ni chake. Kibanda chake kiwe ndipo vikapu vinapochukuliwa, alipwe kwa kila kimoja, na ziada ya Mei imfikie kwa bei ya shambani. Mradi utakaomnyang'anya wateja akabaki anatazama boda zikipita na vikapu, mimi siuungi mkono.

Limebaki swali ambalo vikundi hupenda kulikwepa: mvua ikikosa kabisa, nani anarudishiwa pesa? Jibu langu ni kwamba harudishiwi mtu, lakini daftari liwe wazi. Lita zilizoingia, samadi iliyonunuliwa, siku za vibarua, vikapu vilivyotoka, vyote viandikwe, na ujira wa mkulima mwenyewe uandikwe pia, kwa maana wengi hujisahau. Kila mwanachama alisome daftari hilo kabla ya kulipia msimu unaofuata, na aliye na neno aliseme kikaoni, mkulima akiwepo.