Jeraha Lisilo na Tarehe ya Kupona

Miongoni mwa majeraha yanayomaliza maisha ya uwanjani ya wachezaji wakongwe, lililo gumu zaidi kulisubiri ni mtikisiko wa ubongo, yaani kuvurugika kwa utendaji wa ubongo kunakotokea baada ya kichwa kupigwa, au baada ya mwili kugongwa kwa nguvu inayofika hadi kichwani. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei, hufungwa plasta, na daktari huweza kumwambia mgonjwa, kwa uhakika wa kutosha, ni wiki ngapi zitapita kabla hajarudi mchezoni. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwenye eksirei, na kwa kawaida hauonekani hata kwenye kipimo cha CT, ambacho hupiga picha za kichwa tabaka kwa tabaka na ambacho kazi yake kubwa ni kutafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Mgonjwa hupewa majibu yanayosema kwamba kichwa chake ni kizima huku mwenyewe akishindwa kusoma ukurasa mmoja wa gazeti, na watu wanaomzunguka, wakiwa wameyaona majibu hayo, huanza kushuku kwamba anajidekeza.

Dhana ya kwanza inayopaswa kuondolewa ni kwamba aliyepata mtikisiko lazima azimie. Walio wengi hawapotezi fahamu kabisa. Husimama, hukung'uta vumbi na kuendelea kucheza, ingawa baadaye hawakumbuki bao lililofungwa dakika chache zilizopita. Ubongo hukaa ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na majimaji ya kinga, na kichwa kinaposimamishwa au kuzungushwa ghafla, wenyewe huendelea na mwendo uliokuwa nao, mithili ya abiria wa daladala iliyofunga breki kwenye mteremko. Katika kusukwasukwa huko nyuzi ndefu zinazounganisha seli za ubongo huvutika, tando za seli hupitisha madini zisivyopaswa, potasiamu ikitoka na kalsiamu ikiingia, na seli hulazimika kutumia nishati nyingi kurudisha uwiano wakati uleule ambapo damu inayoleta sukari imepungua. Upungufu huo wa nishati ndio unaochangia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uzito wa kufikiri, hasira za ghafla, usingizi uliovurugika na macho yasiyostahimili mwanga, na ndio sababu mojawapo inayofanya pigo la pili, likija kabla seli hazijatulia, liwe la hatari kuliko la kwanza.

Mchezaji ambaye historia yake inaonyesha vizuri hali hii ni Chris Pronger, beki wa Kanada katika mpira wa magongo wa barafuni, mchezo ambao wachezaji wake huteleza kwa viatu vyenye makali na huruhusiwa kugongana miili kwa kasi. Pronger alizaliwa mwaka 1974, alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2007 akiwa na Anaheim Ducks, na alishinda dhahabu ya Olimpiki na Kanada mwaka 2002 na tena mwaka 2010. Oktoba 2011, akiwa na umri wa miaka 37 na akiwa nahodha wa Philadelphia Flyers, alipigwa jichoni na gongo la mpinzani. Alirudi uwanjani baada ya muda mfupi, akacheza mechi chache, na mechi yake ya mwisho ikawa ya Novemba mwaka huohuo. Desemba klabu ilitangaza kwamba ana dalili kali za baada ya mtikisiko na kwamba hatacheza tena msimu ule. Msimu huo mmoja ukageuka kuwa maisha yote yaliyobaki ya uchezaji, kwa maana hakurudi tena, ingawa hapakuwa na siku ambayo daktari yeyote angeweza kuitaja mapema na kusema kwamba hapo ndipo matumaini yanapokwisha.

Katika mwaka huohuo wa 2011 ligi hiyohiyo ilikuwa na mgonjwa mwingine. Sidney Crosby wa Pittsburgh Penguins, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alipata mapigo mawili ndani ya siku tano mwanzoni mwa Januari, akakaa nje hadi Novemba, akarudi na kufunga mabao mawili katika mechi yake ya kwanza, kisha dalili zikamrudia Desemba na akasubiri tena hadi Machi 2012. Baada ya hapo aliendelea kucheza kwa miaka mingi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kumfahamu, kwa kuwa mwaka 2018 wachezaji wa Ice Lions wa Nairobi, waliojifunza mchezo huo kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha Hoteli ya Panari, walisafiri hadi Kanada na kucheza naye upande mmoja.

Swali la kwa nini Crosby alirudi na Pronger hakurudi halina jibu kamili. Utafiti unaonyesha kwamba kiashiria cha kuaminika zaidi ni ukali wa dalili katika siku za kwanza, na kwamba mitikisiko ya zamani, historia ya kipandauso na matatizo ya afya ya akili huweza kurefusha kupona. Kwa Pronger kulikuwa na jambo la ziada, kwani jicho lenyewe lilijeruhiwa, na ubongo uliochoka ukalazimika kufanya kazi na macho yasiyoelewana. Hata hivyo viashiria hivi huhusu makundi ya watu. Havimwambii mgonjwa mmoja mmoja ataamka lini akiwa mzima. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili hivi, watoto na vijana wadogo huhitaji hadi wiki nne, na dalili zinazovuka wiki nne huhesabiwa kuwa za kudumu zaidi na huhitaji tiba maalumu. Ndani ya kundi hilo la mwisho wamo wanaopona baada ya miezi, wanaopona baada ya miaka, na wanaobaki na kitu fulani siku zote.

Tiba yenyewe imebadilika. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo wa Barafuni, FIFA na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki zilifanya mkutano wa kwanza wa wataalamu wa jambo hili mjini Vienna mwaka 2001, na mikutano iliyofuata, hadi ule wa Amsterdam wa mwaka 2022, imekuwa ikisahihisha ushauri wa zamani. Zamani mgonjwa alifungiwa chumba chenye giza hadi dalili ziishe, jambo lililowaongezea wengi huzuni na kuwadhoofisha mwili. Sasa inashauriwa apumzike kiasi kwa saa 24 hadi 48, apunguze simu na televisheni katika muda huo, kisha aanze kutembea na mazoezi mepesi yasiyozidisha dalili isipokuwa kidogo na kwa muda mfupi. Baadaye hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka mbio nyepesi hadi mazoezi ya mchezo wake bila kugusana, kila ngazi ikichukua angalau siku moja, na haruhusiwi kugongana na wenzake kabla dalili hazijaisha na mtaalamu wa afya hajaridhika. Wanaobaki na maumivu ya shingo au kizunguzungu husaidiwa na mazoezi ya tiba ya viungo yanayolenga shingo, macho na sehemu ya sikio inayotunza mizani ya mwili.

Ushauri huo ni mzuri, lakini una gharama ambayo vitabu vya tiba havielezi vya kutosha, na hapa ndipo Arusha inapotofautiana kabisa na Philadelphia. Mkataba wa Pronger ulidumu hadi mwaka 2017. Kwa miaka yote ambayo hakuweza kucheza hakulazimika kuchagua kati ya kupumzika na kula. Mchezaji mkongwe wa timu ya mtaa huko Ngarenaro, Sombetini au Sakina hucheza ndondo, yaani soka ya mtaani, jioni na mchana hutafuta riziki kwa bodaboda, ujenzi au kubeba mizigo sokoni Kilombero, na kazi hizo zinahitaji hasa vile vitu ambavyo mtikisiko humnyang'anya: mizani, wepesi wa macho na uamuzi wa haraka. Anapoambiwa apumzike kwa muda usiojulikana, anaambiwa aache kipato kwa muda usiojulikana, na anapopanda pikipiki siku ya tatu akiwa bado na kizunguzungu, si ukaidi unaompeleka barabarani. Kutokuwa na uhakika, ambako kwa Pronger kulikuwa mateso ya mwili na ya moyo, kwake huwa pia deni la kodi ya nyumba. Ni haki kusema wazi kwamba timu inayochangisha fedha za jezi na za usafiri wa kwenda mashindanoni inaweza pia kutenga akiba ndogo kwa ajili ya aliyeumia kichwa, kwa kuwa aliumia akiichezea.

Mlima nao huleta utata wake. Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, nao Mlima Meru hufika zaidi ya mita 4,500, ambako watalii, waongozaji na wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa na wenzao, hupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vinavyotokana na upungufu wa oksijeni. Dalili hizo zinafanana mno na za mtikisiko wa ubongo. Mgumu aliyeteleza kwenye miamba juu ya Kibanda cha Saddle na kugonga kichwa anaweza kudhaniwa kuwa na ugonjwa wa mwinuko tu, akashushwa, akalala usiku mmoja na kupandishwa tena na kundi linalofuata, ilhali aliyepigwa kichwa anastahili kupimwa kwa jambo hilo hata kama hewa nzito ya Momella imempunguzia maumivu.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni kati ya mtikisiko na damu inayovuja ndani ya fuvu. Bondia Robert Wangila wa Kenya, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi ya Olimpiki alipofanya hivyo Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kutokana na majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni. Maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua, kutapika tena na tena, degedege, usingizi mzito usio wa kawaida, udhaifu wa mkono au mguu, na kuchanganyikiwa kunakoongezeka ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali bila kungoja asubuhi, iwe Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru au nyingine iliyo karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda KCMC Moshi au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Kumwagia maji ya baridi kichwani, desturi inayoonekana karibu kila kiwanja cha mchangani, humburudisha mchezaji na kumfanya aonekane mzima, lakini hakuna inachotibu.

Kuna pia madhara ya miaka mingi, na miongoni mwa waliofungua mlango wa kuyaelewa ni Mwafrika. Mwaka 2002 Bennet Omalu, daktari wa Nigeria anayechunguza maiti, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, akakuta uharibifu unaohusishwa na mapigo ya kichwa yanayorudiwa kwa muda mrefu. Mabadiliko ya namna hiyo yamekutwa baadaye katika bongo za baadhi ya wachezaji wa magongo ya barafuni na wa soka. Uharibifu huo huthibitishwa baada ya kifo tu, na kwa hiyo mkongwe aliye hai, anayesahau majina na kukasirika bila sababu, hawezi kuambiwa kwa hakika kama anao, na huo ni mzigo mwingine wa kutojua unaowekwa juu ya ule wa kwanza.

Kofia ngumu, ambayo dereva wa bodaboda hapaswi kuiacha nyumbani kamwe, huzuia fuvu lisipasuke na huokoa maisha, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usisogee ndani yake. Pronger na Crosby wote walikuwa wamevaa kofia. Kinga iliyo imara zaidi ya pigo la pili ni kumtoa mchezaji siku hiyohiyo na kutomrudisha. Mtu asiye daktari huweza kuuliza maswali machache yanayotumika duniani kote, kwamba tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mara ya mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, na je, tulishinda. Akikosea hata moja, anakaa nje. Na akijibu yote sawasawa huku akiyumba au akilalamika kichwa, anakaa nje vilevile.

Arusha ilianza kujengewa uwanja mpya huko Olmoti kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania imepewa kuliandaa pamoja na Kenya na Uganda, na mashindano ya ngazi hiyo huja na madaktari wake. Ndondo za kwenye viwanja vya shule hazina daktari. Hata hivyo tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu shindano lolote kuchagua kuipa kila timu nafasi moja ya ziada ya kumbadilisha mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko, bila kuhesabiwa katika idadi ya kawaida, na timu pinzani nayo ikapata nafasi moja ya ziada. Ikitumika, kocha aliyekwisha kumaliza mabadiliko yake hana tena sababu ya kumwacha mchezaji anayeyumba amalizie mechi, na kamati ya mashindano ya kata inaweza kuiandika kanuni hiyo katika kikao chake kijacho bila kununua chochote.