Hesabu ya Joto Imfaayo Mfugaji

Ngoliba, upande wa mashariki ya Thika, si mbali na mlima wa Kilimambogo, ni nchi ya joto. Mfugaji wa huko, kama wafugaji wengi wa Kenya, huuogopa sana ugonjwa wa ndigana kali uletwao na kupe. Dalili zake za mwanzo ni kuvimba tezi chini ya sikio na kupanda kwa joto la mwili. Dawa hufaa zaidi ikitolewa mapema. Kwa hiyo kipimajoto ni chombo cha maana katika boma.

Lakini vipimo ni viwili. Cha kwanza kilitungwa na Fahrenheit mwaka 1724: maji huganda kwenye nyuzi 32 na huchemka kwenye 212. Cha pili asili yake ni Celsius wa Sweden, mwaka 1742: maji huganda kwenye 0 na huchemka kwenye 100. Hiki kiliitwa Centigrade mpaka mwaka 1948, wataalamu walipokubaliana kukiita Celsius. Maji huchemka hivyo pwani, kama Mombasa. Thika, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, huchemka kwenye nyuzi 95 za Celsius.

Basi namba peke yake haitoshi. Nyuzi 40 za Celsius ni ng'ombe mwenye homa. Nyuzi 40 za Fahrenheit ni baridi ya alfajiri mlimani.

Njia ya kugeuza ni hii. Kutoka Fahrenheit kwenda Celsius, toa 32 kwanza, kisha zidisha kwa 5, ugawanye kwa 9. Kipimajoto kikionyesha 104, toa 32, zabaki 72. Mara 5 ni 360. Gawanya kwa 9, jibu ni 40. Asiyetoa 32 mwanzoni, akaitoa mwishoni, atapata karibu 26, na kudhani chombo kimeharibika. Kutoka Celsius kwenda Fahrenheit, zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha jumlisha 32. Ng'ombe mzima huwa na nyuzi 38.5 hivi za Celsius, yaani 101.3 za Fahrenheit.

Yafaa mfugaji ampelekeaye habari daktari wa mifugo aandike herufi C au F mbele ya namba. Herufi moja hiyo yaweza kumwokoa ndama.